Daktari wa Dharura Hufundishwa kwa Visa

Jioni moja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa miongoni mwa abiria tulioshuka basini ili kumsaidia kijana aliyeanguka na pikipiki kando ya barabara kuu iendayo magharibi ya Uganda. Mguu wake ulikuwa umevunjika na suruali imelowa damu. Sote tuliushughulikia mguu ule. Mmoja alitoa kitambaa, mwingine akatafuta vijiti vya kuufungia, nami nikashika taa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama usoni, ingawa alikuwa akikoroma kama mtu aliye katika usingizi mzito.

Ndipo akatokea konstebo wa polisi. Alipiga magoti, si penye mguu, bali penye kichwa. "Huyu halali, jamani," alisema. "Anasakamwa na damu yake mwenyewe." Akatuagiza tumshike kichwa, mabega na nyonga, tukamgeuza ubavu mwili mzima kwa pamoja, kama watu wanavyoviringisha gogo. Damu na jino moja vikamtoka kinywani, na mkoromo ule ukakoma.

Kijana alifika hospitali akiwa hai. Baadaye nilimwuliza konstebo amesomea wapi uganga. Alinijibu kwamba hakuusomea. Alipata mafunzo ya siku chache tu, na mkufunzi wake hakuanza kwa somo bali kwa swali: mtu amelala barabarani, mguu umevunjika, anakoroma. Utashika wapi kwanza? Darasa zima lilijibu kwamba litashika mguu. "Tangu siku ile sijasahau, mwalimu," alisema.

Mimi nina cheti cha ualimu, na nilipokuwa chuoni tuliambiwa mara nyingi kwamba swali zuri hufundisha kuliko maelezo marefu. Lakini sikuwa nimewahi kuona swali moja likiokoa uhai wa mtu. Kwa sababu hiyo nilianza kufuatilia jinsi madaktari wetu wenyewe wanavyofundishwa tiba ya dharura, na hayo niliyoyapata ndiyo ninayopenda kukusimulia, ndugu msomaji, hasa wewe askari, wewe polisi, nawe mama wa nyumbani, kwa kuwa jambo hili linakuhusu zaidi ya unavyodhani.

KITABU NA CHUMBA CHA DHARURA

Kwa desturi mwanafunzi wa udaktari hufundishwa maradhi moja baada ya jingine. Leo ni malaria, kesho ni pumu, keshokutwa ni maradhi ya moyo. Kila sura ya kitabu huanza kwa jina la ugonjwa, kisha hufuata chanzo chake, dalili zake, vipimo na dawa. Mpango huo unamfaa mtu anayetafuta maarifa. Katika chumba cha dharura, hata hivyo, mambo huja kinyumenyume. Mgonjwa haji na jina la ugonjwa limeandikwa kwenye paji la uso. Huja akihema, au akivuja damu, au hasemi neno, na waliomleta wote husema kwa wakati mmoja. Daktari hulazimika kutenda kabla hajajua.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Katika dharura kuchelewa nako hakuna baraka. Njia iliyobaki ni kuharakisha kwa utaratibu, na utaratibu huo haupatikani usiku wa ajali. Hupatikana kwa mazoezi ya kabla. Askari analielewa jambo hili kuliko raia. Hakuna jeshi linalomfunza kuruta kwa kumsomea kitabu cha vita peke yake. Hupelekwa porini, akaambiwa kwamba adui yuko kilima kile, mto uko nyuma yake na risasi zake ni chache. Je, atafanya nini? Jibu likiwa baya, huamriwa arudie. Darasa la visa ndilo zoezi la porini la daktari.

FIKRA ILIKOTOKA

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1900 huko Marekani, Walter Cannon, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika makala akitaka udaktari ufundishwe kwa visa. Alikuwa akikaa chumba kimoja na mwanafunzi wa sheria, akaona jinsi wanasheria wale walivyozijadili kesi za mahakama kwa shauku hata nje ya darasa, ilhali yeye na wenzake walichoshwa na mihadhara mirefu.

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari na kuwagawa katika vikundi vidogo, wajifunze kwa kutatua matatizo ya wagonjwa. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi. Chuo Kikuu cha Makerere, ambako udaktari umefundishwa tangu mwaka 1924, kiliufuata mwaka 2003, pamoja na kuwapeleka wanafunzi vijijini wakajifunze miongoni mwa wananchi.

Kujifunza kwa kutatua matatizo na kujifunza kwa visa ni ndugu, lakini si pacha. Katika njia ya kwanza wanafunzi hupewa tatizo kabla ya kusoma, nao hujitafutia wenyewe yale wasiyoyajua. Katika njia ya pili husoma kwanza, ndipo hukutana na kisa, na mkufunzi huwaongoza kwa karibu zaidi. Kwa tiba ya dharura njia hii ya pili ina faida ya pekee, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyabahatisha.

Upande wa majeruhi, mabadiliko makubwa yalitokana na msiba. Mwezi wa Februari mwaka 1976, daktari wa mifupa James Styner alikuwa akiendesha ndege yake ndogo, akiwa na mkewe na watoto wao wanne, ikaanguka shambani katika jimbo la Nebraska, Marekani. Mkewe alifariki. Yeye na watoto waliumia, na hospitali waliyofikishwa kwanza haikuwa na utaratibu wa kuwapokea majeruhi wa namna ile. Alipopona hakuishia kulalamika. Yeye na wenzake walitunga mafunzo ya kumpa daktari yeyote, hata wa mji mdogo, mpangilio mmoja wa kumtazama majeruhi. Darasa la kwanza lilifanyika mwaka 1978, na mwaka 1980 Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kiliyachukua mafunzo hayo, kikayaeneza.

Katika nchi zetu fani hii ni changa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara yake kubwa ya tiba ya dharura mwaka 2010. Hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianza kuwasomesha madaktari bingwa wa dharura mwaka 2017. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, wakishirikiana na wataalamu wa fani hiyo, walitoa mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura, yaliyokuwa yamejaribiwa Uganda, Tanzania na Zambia. Mafunzo hayo yamejaa visa, na yote huzunguka herufi tano.

HERUFI TANO

Herufi A ni njia ya hewa: je, koo na kinywa viko wazi? Herufi B ni upumuaji: je, hewa inaingia mapafu yote mawili? Herufi C ni mzunguko wa damu: je, damu inavuja, na je, moyo unaisukuma inavyotakiwa? Herufi D ni ubongo na fahamu: je, mgonjwa yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii lolote? Herufi E ni kumfunua mwili mzima ili asifichwe na nguo jeraha lolote, kisha kumfunika asipatwe na baridi.

Mpangilio huo haukuwekwa kwa kupendeza. Mtu asiyepata hewa hufa kwa dakika chache. Anayevuja damu polepole anaweza kungoja kidogo. Ila damu inayoruka kwa nguvu haingoji. Hiyo huzibwa papo hapo kwa mkono, wakati mwenzako anaitazama njia ya hewa. Na majeshini askari hufundishwa kuizuia kwanza kabisa. Kuzikariri herufi hizo ni kazi ya saa moja. Kuzifuata huku damu inatiririka na watu wanalia ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo visa vinapofanya kazi yake.

Visa viwili vifuatavyo nimevitunga kwa mtindo wa madarasa hayo; havimhusu mtu yeyote.

KISA CHA DEREVA WA BODABODA

Wanafunzi wanane wamekaa kuzunguka meza. Mkufunzi anasoma sehemu ya kwanza tu ya karatasi yake. Kijana wa miaka 25, dereva wa bodaboda, ameletwa na gari la polisi. Paja lake lina jeraha refu lenye damu iliyoganda. Anakoroma. Mkufunzi anatazama saa. "Mnafanya nini?"

Mwanafunzi mmoja anataka jeraha lishonwe. Mwingine anataka dripu. Mkufunzi hasemi kwamba wamekosea. Anasema tu: "Nusu dakika imepita. Bado anakoroma." Msichana mmoja anakumbuka herufi A. Anataka mwenzake aishikilie shingo isitikisike, taya lisukumwe mbele, na damu iliyo kinywani ifyonzwe. "Vema. Mkoromo umekoma."

Sasa inasomwa sehemu ya pili. Mgonjwa anapumua mara 36 kwa dakika. Upande wa kulia wa kifua hauinuki, na ukiusikiliza huna unachosikia. Mishipa ya shingo imetuna. Shinikizo la damu linashuka. Mwanafunzi mwenye bidii anaomba picha ya eksirei. Mkufunzi anajibu, "Chumba cha eksirei kiko mwisho wa ukumbi, na mbele yenu kuna foleni. Mnampeleka?"

Darasa linanyamaza. Kisha mmoja anasema polepole kwamba hewa imetoka kwenye pafu lililotoboka ikajifungia ndani ya kifua, inalibana pafu na kuuzuia moyo kujaa damu. Mgonjwa atafia njiani kabla picha haijapigwa. Dawa yake ni sindano nene ichomwe kifuani sasa hivi ili hewa ile itoke, kisha ufuate mpira wa kifua. Ndipo wanafika kwenye damu, kisha fahamu, kisha kumvua nguo. Na wanapomgeuza kwa uangalifu wanakuta jeraha jingine mgongoni ambalo hakuna aliyeliona.

Somo likiisha, mkufunzi anamgeukia yule aliyeomba eksirei. Hamkemei. Anamwuliza ni kitu gani kingemwonyesha kwamba hapakuwa na muda. Mwanafunzi anataja shinikizo linaloshuka na mishipa iliyotuna. Mtu huyo hatalisahau jambo hilo, maana kosa lake lilitokea mbele ya wenzake, na hakuna aliyezikwa.

KISA CHA MTOTO MWENYE HOMA

Kisa cha pili kimekaa kimya zaidi. Mama amembeba mtoto wa miaka mitatu. Ana homa tangu juzi, asubuhi alipatwa na degedege, na sasa hafumbui macho. Wanafunzi wanajibu kwa sauti moja: malaria kali. Mkufunzi anawaambia kwamba kipimo cha damu kimethibitisha. Wanatabasamu. Wanaagiza sindano ya atesuneti, nayo inachomwa.

"Mmejibu sawasawa," anasema mkufunzi, "na mtoto anakufa. Mmesahau nini?"

Wanarudi kwenye herufi. Njia ya hewa iko wazi. Upumuaji unaridhisha. Mapigo ni ya haraka. Wanapofika herufi D mmoja wao anajipiga paji la uso: sukari! Inapimwa; ni 1.8, wakati haipaswi kushuka chini ya 3. Mtoto anatiwa sukari ya mshipani, na baada ya dakika kadhaa anafumbua macho na kumtafuta mama yake.

Hapo mkufunzi anawauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha somo zima. Ni nani katika chumba kile aliyejua kwamba mtoto hakuwa amekula tangu jana mchana? Ni mama. Je, ni nani aliyemwuliza? Hakuna. Walikuwa wameshughulika na jina la ugonjwa, na walilipata. Lakini jina sahihi la ugonjwa si lazima liwe ndilo tiba ya kwanza.

MWALIMU WA VISA

Msomaji asidhani kwamba njia hii ni nyepesi. Kwanza, inahitaji walimu wengi, kwa kuwa kikundi cha watu wanane hakiwezi kuwa cha watu mia moja. Pili, inamtaka mwalimu ajizuie. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kujibu maswali yetu wenyewe. Mwanafunzi akinyamaza kidogo tu, tunamsaidia, na kwa kumsaidia tunamnyang'anya somo. Mwalimu wa visa huvumilia ukimya. Humzuia pia mwanafunzi mwenye sauti kubwa asiwameze wengine, kwa maana yule mnyonge wa darasani ndiye huenda akawa daktari wa pekee wa zamu katika wilaya ya mbali.

Tatu, kisa lazima kifanane na mahali. Kisa kilichoandikwa London humkuta mgonjwa katika gari la wagonjwa lenye hewa ya oksijeni na wahudumu wawili. Kisa chetu humkuta nyuma ya pikapu, au juu ya pikipiki ileile iliyomwangusha. Hospitali ya kisa cha London ina damu ya kutosha katika jokofu. Yetu huenda ina chupa moja, au umeme umekatika. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa visa vya kigeni peke yake huomba vitu visivyokuwapo, akivikosa hubaki ameduwaa. Kwa hiyo walimu wazuri hutunga visa kutokana na wagonjwa waliowahudumia wenyewe, baada ya kuondoa majina, vijiji na kila alama iwezayo kumtambulisha mtu. Siri ya mgonjwa haifutwi kwa kisingizio cha masomo.

Aidha, kisa hakifundishi mikono. Mtu anaweza kueleza vizuri sana jinsi ya kupuliza hewa kwa mfuko na barakoa, lakini akipewa sanamu ya mazoezi hewa yote ikavuja pembeni. Ndiyo sababu mafunzo mema huchanganya meza ya mazungumzo na mazoezi ya vitendo, kisha humpeleka mwanafunzi wodini chini ya macho ya aliyemtangulia. Tena kuna hatari ya kukariri visa kama kasuku, mwanafunzi akaanza kumwona kila anayehema kuwa ni yule dereva wa bodaboda. Dawa ya hatari hiyo ni visa vingi vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa asili: anayehema kwa pumu, anayehema kwa moyo dhaifu, anayehema kwa sumu ya wadudu ya shambani.

KISA HUANZA KWAKO

Sasa nirudi kwako, msomaji. Darasani, mkufunzi ndiye anayesoma karatasi ya kisa. Hospitalini hakuna karatasi. Anayekisoma kisa ni aliyemleta mgonjwa: polisi aliyefika kwanza kwenye ajali, askari aliyembeba mwenzake kambini, mama mwenye mtoto mgongoni. Akikisoma vibaya, hata daktari aliyefundishwa vizuri huanza gizani.

Wanafunzi wa tiba ya dharura hufundishwa kuuliza mambo sita. Inafaa kila nyumba na kila kituo cha polisi kiyajue, ili majibu yawe tayari. La kwanza, anaumwa nini, na dalili zilianza saa ngapi? La pili, je, kuna dawa au chakula kinachomdhuru? La tatu, anatumia dawa gani, zikiwamo za kienyeji? Usizifiche kwa kuona haya. Ukiweza, beba pakiti au chupa yenyewe. La nne, ana ugonjwa gani wa zamani, kama kisukari, kifafa au pumu, na kwa mwanamke, je, ni mjamzito? La tano, mara ya mwisho alikula au kunywa nini, na lini? La sita, ni nini hasa kilichotokea? Hapo afisa wa polisi ana mengi ya kusema: pikipiki iligongana na nini, mtu alirushwa umbali gani, alikuwa amevaa kofia ya chuma au la, na alisema neno lolote kabla ya kupoteza fahamu.

Kuna mambo matatu zaidi ya kukumbuka njiani. Usimnyweshe maji wala soda mtu asiye na fahamu, kwa maana kitaingia mapafuni. Damu inayotoka kwa wingi, ikandamize kwa kitambaa safi na kiganja chako, wala usifunue kila mara kuchungulia. Na mtu anayekoroma baada ya ajali, usidhani amelala. Mwiteni mwenzenu ashike kichwa kisipinde, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja, na mumpeleke hospitali bila kukawia.

Mara nyingi nimewasomea haya watoto wangu jioni baada ya chakula, si kama somo bali kama swali. Nawaambia: baba ameanguka chooni, haitikii, anakoroma, mtashika wapi kwanza? Mara ya kwanza mkubwa wao alisema angekimbia kumwita jirani, na mdogo alisema angelia. Siku hizi mdogo husema kwamba yeye atashika kichwa, na mkubwa ndiye aende kwa jirani. Nawe, ndugu msomaji, waulize wa nyumbani kwako leo jioni, usikilize watakavyojibu.